Albamu iliyotengenezwa kwa ajili ya wahami, na wahami wenyewe hawakuisikia

KIBABI, Masisi. Jioni, kwenye vibanda vya kuchaji simu hapa Kibabi, muziki huhama kutoka simu moja kwenda nyingine. Mtu anaacha simu yake ichajiwe, na kwa pesa kidogo anamwomba kijana wa kibanda amwekee nyimbo kwenye kadi ya memori. Kijana humwekea Innoss'B wa Goma, Fally Ipupa wa Kinshasa, Diamond wa Tanzania, kwaya za makanisa, na kwa wazee Franco na Tabu Ley. Kadi hizo zimetembea sana. Zimeshuka hadi Sake, zimefika kambi za pembeni ya Goma, kisha zimepanda tena milimani pamoja na magodoro na masufuria.

Iko albamu moja ambayo ni vigumu kuikuta kwenye kadi hizo. Inaitwa Kinshasa One Two. Ilitoka mwezi wa Oktoba 2011 kwa jina la DRC Music, na mapato yake yalikusudiwa kusaidia kazi ya shirika la Oxfam hapa Kongo. Kwa wahami wa Kivu ya Kaskazini, Oxfam si jina geni. Ni jina la tanki la maji, la bomba, la foleni ya madumu asubuhi. Lakini ukimuuliza mama aliyewahi kusimama kwenye foleni hiyo kama anajua kuna albamu nzima iliyouzwa Ulaya ili kazi ya namna hiyo iendelee, atacheka. Hakuna aliyemwambia.

Hilo ndilo jambo la kusahihisha. Albamu hii inastahili kusikilizwa Masisi na Walikale, si kama deni la shukrani, bali kwa sababu ni muziki mzuri, na kwa sababu inawaonyesha Wakongo kwa namna ambayo kazi za msaada huwaonyesha mara chache sana.

Siku tano Kinshasa

Mwanzilishi wa DRC Music ni Damon Albarn, mwimbaji Mwingereza. Ulaya anajulikana kwa makundi mawili: Blur, lililopata sifa kubwa katika miaka ya 1990, na Gorillaz, lile ambalo wanamuziki wake huonyeshwa kama katuni. DRC Music haikuwa kundi la kudumu. Ilikuwa kazi ya pembeni, kama mkulima mwenye shamba kubwa la maharagwe anavyopanda mboga kidogo nyuma ya nyumba.

Albarn alikuwa amewahi kufanya kazi kama hiyo. Mwaka 2000 Oxfam ilimpeleka Mali, na kutoka safari hiyo ikazaliwa albamu ya Mali Music iliyotolewa mwaka 2002. Julai 2011 ikawa zamu ya Kongo. Alifika Kinshasa na watayarishaji wa muziki wapatao kumi, miongoni mwao Dan the Automator, Kwes, Actress, na Richard Russell, mkubwa wa kampuni ya XL ya London. Walikuwa na siku tano tu. Katika siku hizo walirekodi na wanamuziki wa Kinshasa zaidi ya hamsini, wakakusanya sauti na midundo, na nyimbo kumi na nne zikapatikana. Kampuni ya Warp ya Uingereza, inayojulikana zaidi kwa muziki wa kompyuta, ndiyo iliyotoa albamu.

Siku tano ni muda mdogo. Watu wa Masisi wanajua siku tano ni nini: ni muda wa kutembea na watoto kutoka kijiji cha ndani hadi mahali penye usalama, ukilala njiani. Lakini haraka hiyo ndiyo iliyoipa albamu uhai wake. Hakukuwa na nafasi ya kusafisha kila sauti hadi ing'ae kama sahani ya hoteli. Kilichosikika siku ile ndicho kilichobaki.

Na waliosikika ni akina nani? Majina yao yanastahili kusomwa polepole redioni, kwa sababu ndiyo yaliyofunikwa na jina la mgeni maarufu. Yumo Jupiter Bokondji, kiongozi wa Okwess International. Wamo Bokatola System, walioshiriki nyimbo nyingi kuliko wengine. Wamo Tout Puissant Mukalo, Nelly Liyemge, Bebson, N'Gotshima, Evala Litongo, Yende Bongongo, Magakala Virginia Yollande, Washiba na Loi X Liberal. Wengi wao hawakuwa nyota wa televisheni ya Kinshasa. Hawakuwa na magari ya kifahari wala hawakuimba majina ya matajiri ili walipwe. Walikuwa wanamuziki wa mitaa.

Kwa nini ilipita kimya

Albamu hii ilianguka katikati ya viti viwili. Wapenzi wa Blur na Gorillaz waliitazama kama zoezi la likizo, kitu cha kusikiliza mara moja kisha kurudi kwa nyimbo walizozijua. Wapenzi wa muziki wa Kongo walitafuta rumba na sebene hawakuziona, wakasema huu si muziki wetu. Tena DRC Music haikuwa na maisha baada ya albamu. Haikutoa ya pili. Kundi lisilozunguka kupiga muziki husahauliwa upesi, hata likiwa na mtu maarufu ndani yake.

Huku Kivu sababu ni nyingine, na ni rahisi zaidi. Kinshasa iko mbali. Hata kwa ndege ni zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma, na hakuna barabara ya kueleweka inayounganisha miji hiyo miwili. Albamu iliuzwa kwa intaneti na kwenye maduka ya Ulaya, mwaka ambao simu nyingi za Masisi zilikuwa za vitufe, za kupiga na kupokea tu. Mwaka uliofuata, Novemba 2012, mji wa Goma ulianguka katika vita na watu wakajaa Mugunga. Nani angekuwa na nafasi ya kutafuta albamu?

Kwa hiyo kilitokea kitu cha ajabu. Mtu wa London alinunua muziki wa Wakongo ili Mkongo apate msaada, na huyo Mkongo akapata dumu la maji bila kupata muziki. Dumu la maji ni muhimu kuliko wimbo, hilo halina ubishi. Lakini mtu anayefikiriwa kama koo lenye kiu tu, bila masikio, hajafikiriwa kama mtu mzima.

Kile kinachosikika ndani yake

Albamu inafunguliwa na wimbo wa Hallo. Albarn anaimba humo pamoja na Nelly Liyemge, na Tout Puissant Mukalo wako nao. Sauti ya Albarn ni ya chini, ya mtu aliyechoka kidogo. Ya Nelly inaingia na kumwinua. Kwa mhami neno hilo halihitaji kutafsiriwa. Ndilo neno analolisema akiwa amepanda kilima kutafuta mtandao, simu imeinuliwa juu, akitaka kujua kama ndugu aliyebaki kijijini bado yuko hai. Halo, halo, unanisikia?

Baada ya wimbo huo mgeni anarudi nyuma na wenyeji wanashika mahali. Katika We Come from the Forest ni Bokatola System, ngoma na sauti za watu wengi pamoja, na kompyuta inabaki kama mtu aliyealikwa kwenye sherehe na kukaa karibu na mlango. Virginia inamleta mbele Magakala Virginia Yollande, na ni sehemu ya utulivu ambayo mama anayebembeleza mtoto angeielewa mara moja. Ah Congo ni ya Jupiter Bokondji, mwenye sauti nzito ya mzee wa baraza hata alipokuwa bado si mzee. Bebson anarudi mara mbili, na kila mara anarudi na vurugu ya barabara.

Jambo la kwanza la kusifu ni kwamba albamu hii hailii. Ilitengenezwa kwa ajili ya shirika la msaada, na watu wa Kivu wanajua vizuri nyimbo za namna hiyo huwa vipi: sauti za huzuni, mtoto mwenye machozi kwenye picha, maneno ya kumwonea huruma Mwafrika. Hapa hakuna hilo. Wakongo wa albamu hii wanapiga kelele, wanatania, wanagombana na mdundo, wanajivuna. Hawajaombwa kusimulia mateso ili wasaidiwe.

Kwa mhami hili si jambo dogo. Tangu machafuko ya mwaka 1993, yaliyoanza upande wa Walikale na kuenea Masisi, vizazi vizima vya huku vimejifunza kwamba ukimwona mgeni mwenye daftari, ataulizia mabaya: umepoteza nani, umekimbia lini, umekula nini. Maswali hayo yana kazi yake. Lakini ni mara chache mgeni ameuliza, "Wewe hupiga chombo gani?" Mwaka 2011 wageni kumi na mmoja walikwenda Kinshasa wakauliza swali hilo kwanza. Jibu lake ni albamu hii.

Jambo la pili ni namna muziki wenyewe ulivyojengwa. Wanamuziki wa Kinshasa wamezoea kutengeneza chombo kwa kitu kilichotupwa. Kundi la Konono N°1 lilipata sifa duniani kwa likembe zilizounganishwa na maikrofoni za kutengenezwa kwa sumaku za magari mabovu. Katika Staff Benda Bilili, kundi la wanamuziki wengi wenye ulemavu wa polio, kijana Roger Landu alipiga satonge, chombo chenye waya mmoja na kopo la bati. Kinshasa One Two inatoka katika ukoo huo. Kuna sauti ndani yake ambazo huwezi kujua kama ni kompyuta au ni chuma kinachogongwa na kijiti.

Mtu wa Masisi hahitaji kufundishwa uzuri wa kitu hicho, kwa sababu ana chukudu. Chukudu ni mbao, misumari na kipande cha mpira wa gurudumu, na bado linashusha magunia ya viazi na makaa kutoka milimani hadi mjini. Hakuna aliyelitengeneza ili lishangiliwe. Lilitengenezwa kwa sababu kazi ilikuwepo na gari halikuwepo. Muziki wa namna hii ni chukudu la nyimbo.

Wanaopinga wana hoja zao

Hoja ya kwanza itasemwa na wengi: wageni walikuja, wakachukua sauti kwa siku tano, wakaondoka na sifa. Hoja hii ina uzito. Jina lililouza albamu ni la Albarn. Magazeti ya Ulaya yaliandika juu yake kwanza na juu ya Wakongo baadaye. Na watayarishaji kumi kwa kazi ya siku tano ni wengi mno; kuna mahali mkono wao unasikika kupita kiasi, wimbo unakatwa vipande vipande hadi mwimbaji anageuka kuwa kiungo tu cha mchuzi wa mtu mwingine. Msikilizaji anatamani Bokatola System waachiwe wapige hadi mwisho bila kukatizwa.

Lakini Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa mwenyeji mmoja angalau alipona. Jupiter Bokondji alikuwa amepiga muziki Kinshasa kwa miaka mingi na nje ya nchi wachache tu walimjua, wengi wao kwa filamu ya La Danse de Jupiter ya mwaka 2006. Baada ya DRC Music, Albarn alimwita Uingereza mwaka 2012 katika msafara wa treni wa Africa Express, uliokwenda mji hadi mji na wanamuziki wa mabara mbalimbali. Mwaka 2013 Jupiter na Okwess walitoa albamu yao, Hotel Univers, na mwaka 2017 ikafuata Kin Sonic. Leo wanapiga muziki duniani kwa jina lao. Si wote waliopata bahati hiyo, lakini mlango ulifunguliwa.

Hoja ya pili ni ya lugha. Nyimbo nyingi za albamu hii ni za Kilingala, na kwa watu wengi wa milima hii Kilingala ni lugha waliyoisikia kwanza kwenye bariera, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Ndiyo lugha ya jeshi tangu wakati wa Wabelgiji. Hata hivyo ni lugha pia ya Franco na Tabu Ley, na hakuna mzee wa Kibabi aliyekataa kucheza rumba kwa sababu ya bariera. Kusikia Kilingala kikitumiwa kwa utani, kwa mapenzi na kwa ndoto ni njia moja ya kuitoa lugha hiyo mikononi mwa wenye silaha.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: watu wana njaa, wengine bado wanalala chini ya turubai au wamebanana katika nyumba za familia zilizowapokea, na mtu anazungumza juu ya albamu? Jibu liko kwenye vibanda vya kuchaji simu. Mhami mwenye pesa kidogo sana bado hutoa sehemu yake kwa ajili ya wimbo. Alipokimbia alibeba sufuria, godoro na simu, na ndani ya simu mlikuwa na nyimbo. Hakuna aliyemfundisha kwamba muziki ni anasa. Wanaosema hivyo mara nyingi ni watu wenye muziki tele nyumbani kwao.

Hoja ya nne ni ya kweli na haina jibu: Kivu haimo. Albamu ya kusaidia kazi ya Oxfam Kongo ilirekodiwa yote mji mkuu, na katika majina kumi na manne ya nyimbo zake hakuna linalotaja mashariki. Hilo ni pengo, na linapaswa kusemwa wazi hata na anayeipenda albamu hii. Kinshasa mara nyingi husemea nchi nzima. Jupiter mwenyewe amelalamika kwa miaka mingi kwamba Kongo ina midundo ya makabila mamia, na dunia inajua rumba tu. Anachokisema juu ya rumba kinaweza kusemwa juu ya Kinshasa.

Funzo kutoka kwa wahami wa Mali

Kilichofanyika baadaye Mali kinaonyesha jinsi pengo hilo linavyoweza kuzibwa. Mwaka 2012 wapiganaji wa kidini waliteka kaskazini ya Mali, miji ya Gao na Timbuktu, wakapiga marufuku muziki. Wanamuziki walikimbilia kusini. Huko Bamako, mji mkuu, vijana wachache waliokimbia walianzisha kundi wakaliita Songhoy Blues, ili watu wa kaskazini waliotawanyika wawe na mahali pa kusikia lugha yao na gitaa lao.

Mwaka 2013 watu wa Africa Express, akiwemo Albarn, walikwenda Bamako na mpango uleule wa Kinshasa: muda mfupi, watayarishaji wengi, wenyeji wengi. Safari hii waliomaarufika zaidi walikuwa wahami wenyewe. Songhoy Blues walirekodi wimbo uitwao Soubour, na ukaingia katika albamu ya Maison des Jeunes. Mwaka 2015 wakatoa albamu yao wenyewe, Music in Exile, na wakazunguka dunia nayo. Soubour maana yake ni uvumilivu. Mswahili hahitaji kamusi. Neno hilo ni ndugu wa "subira", yote mawili yametoka Kiarabu.

Tofauti ya kazi hizo mbili iwekwe wazi. Kinshasa, watu waliimba kwa ajili ya wahami. Bamako, wahami waliimba. Ya kwanza ilionyesha kwamba njia inapitika: siku chache, vyombo vichache, watu wenye jambo la kusema. Bila kuisikiliza ya kwanza ni vigumu kuona kwamba ya pili ingewezekana pia Masisi.

Na Masisi na Walikale hazikosi cha kurekodi. Utenzi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, ambao wasomi wa dunia nzima wanausoma, ulichukuliwa mwaka 1956 kutoka kinywani mwa mzee Rureke na Mbelgiji Daniel Biebuyck, ukachapishwa mwaka 1969. Mzee huyo aliuimba na kuucheza kwa siku nyingi, akisindikizwa na waliogonga mdundo. Tangu hapo ni wangapi wamewauliza wajukuu wa waimbaji kama hao wanaimba nini sasa? Katika kila kambi kuna kwaya, kuna mcheza ngoma, kuna kijana anayefoka kwa Kiswahili juu ya mdundo uliotoka kwenye simu, kuna bibi anayejua nyimbo za kupalilia ambazo watoto waliozaliwa kambini hawajawahi kuzisikia shambani.

Kinachoweza kufanywa sasa

Kuna kazi tatu ndogo, na hakuna hata moja inayohitaji mfadhili mkubwa.

Ya kwanza ni ya redio za jamii. Kati ya habari, matangazo ya watu wanaotafutana na bei za soko, daima kuna dakika chache za muziki. Mtangazaji aanze na Hallo jioni moja. Kesho yake aweke Virginia, siku nyingine Ah Congo. Kila mara ataje jina la mwimbaji Mkongo kwanza, na jina la Mwingereza baadaye. Wasikilizaji watapiga simu, wengine watasema huu ni muziki wa wazimu, wengine wataomba urudiwe. Mabishano hayo yenyewe ni mazuri. Ni afadhali watu wabishane juu ya wimbo kuliko juu ya mambo mengine yanayowagombanisha milimani hapa.

Ya pili ni ya mashirika ya misaada. Kila kazi ya sanaa inayofanywa kwa jina la wahami, iwe wimbo, filamu au picha, irudishwe kwa wahami kabla ya mwaka kuisha. Isichezwe ofisini Goma peke yake. Ichezwe kambini na vijijini, kwa spika, mbele ya watu ambao jina lao lilitumika. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya bango moja lenye nembo.

Ya tatu ni ya vijana wenyewe. Simu nyingi za leo zinarekodi sauti vizuri kuliko mashine zilizorekodi wazee wa rumba. Siku tano zinatosha, Kinshasa One Two imeonyesha hivyo. Chumba cha shule wakati wa likizo kinatosha. Kopo, dumu tupu na gitaa moja vinatosha kuanza. Wasingoje mgeni mwenye watayarishaji kumi. Akija, vema; akikuta kazi tayari, vema zaidi, maana hapo atakuwa mgeni kweli na wao watakuwa wenyeji.

Kinshasa One Two si albamu kamilifu. Ina haraka, ina mikono mingi, na imesahau mashariki. Lakini kwa nyimbo kumi na nne inamsikiliza Mkongo kama mtu mwenye kitu cha kutoa, wakati ambapo karibu kila mtu alikuwa akimtazama kama mtu wa kupokea. Ilitumwa kwa wahami mwaka 2011, ikapotelea njiani. Ni wakati ifike, na kijana wa kibanda cha Kibabi apate nafasi yake kwenye kadi, kati ya Franco na Innoss'B.